Kukoga, kuteleka, kubarizi: masuali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu maneno ya kazi za kila siku Unguja na Pemba

Masuali haya nimeulizwa na wageni waliohamia visiwani, na wanafunzi, na zaidi na wazazi wanaoishi Bara ambao watoto wao wakija likizo hukodoleana macho na binamu zao. Mimi nimezaliwa Wete, nimeolewa mjini Unguja, na kwa miaka mingi nimekuwa nikiandika maneno ya wazee kwenye daftari kila niyasikiapo. Kila suali lina namba, ili jibu moja likupeleke kwa jengine pale mambo yanapogusana.

## Kwa kuanzia

1. Kwani Unguja na Pemba watu hawasemi Kiswahili kimoja?

Wanasema Kiswahili, lakini si cha namna moja. Kuna Kiunguja cha mjini. Kuna Kitumbatu, cha kisiwa cha Tumbatu na sehemu za kaskazini ya Unguja. Kuna Kimakunduchi, ambacho wenyewe wengi hukiita Kikae, cha kusini na mashariki. Na kuna Kipemba, nacho hakilingani kila mahali: msikilize mtu wa Kojani, kisha msikilize wa Micheweni au wa Mkoani, utajua hawakulelewa kijiji kimoja.

Mwaka 1928, katika mkutano uliofanyika Mombasa, Kiunguja cha mjini kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya Afrika Mashariki kuusimamia usanifu huo. Kwa hivyo maneno mengi ya mjini yaliingia vitabuni yakawa ya kila mtu, na ya Makunduchi, Tumbatu na Pemba yakabaki majumbani, mashambani na pwani. Huko ndiko yaliko mpaka leo.

2. Lahaja si Kiswahili kilichoharibika?

Hapana. Suali hili huniuma, kwa sababu nilipokuwa darasa la tatu nilichapwa kiganjani kwa kusema mbele ya darasa kwamba paka wetu "kavyaa". Mwalimu alitaka "amezaa". Nilirudi nyumbani nikimwona mama yangu kama mtu asiyejua kusema.

Sasa tuliangalie neno lenyewe. *Kuvyaa* na *kuzaa* ni ndugu wa shina moja la Kibantu, sauti tu zilifuata njia mbili. Na *kuvyaa* halikupotea hata katika Kiswahili cha kamusi: mama wa mume au wa mke anaitwa *mavyaa*. Pemba mzazi ni *mvyele*, na kwa jumla wazee ni *wavyele*. Katika vijiji vya Unguja *wavyale* ni wenyeji wa asili wanaoangalia mila na mizimu ya mahali. Maneno yote hayo yamekaa juu ya kitenzi kile kile nilichochapiwa. Ukilifuta *vyaa* kwa kuliona kosa, *mavyaa* linabaki bila mama.

3. Nitajuaje neno limetoka wapi?

Kuna dalili tatu ninazozitumia, na zinasaidia sana.

Ya kwanza ni mwisho wa kitenzi. Vitenzi vya Kibantu humalizikia na *a*: kukoga, kuteka, kuteleka, kuchuma, kuvua. Kitenzi kikimalizikia na *i*, *e* au *u*, mara nyingi kimekuja kutoka Kiarabu: kunadi, kubarizi, kufuturu, kudurusu, kukalafati.

Ya pili ni sauti. *Dh*, *th*, *gh* na *kh* zikiwamo ndani ya neno, lielekezee macho Arabuni kwanza.

Ya tatu ni *kupiga*. Kiswahili kikikopa jina la kitu na kikakosa kitenzi cha kazi yake, hulipa *piga* likaenda nalo: kupiga mswaki (mswaki ni Kiarabu), kupiga chapa (chapa ni la Kihindi), kupiga deki (tazama suali la 7).

Jambo la kujihadhari nalo ni hadithi tamu. Neno likivunjwavunjwa vipande vikafanywa sentensi nzima, eti mfalme fulani alifika akasema hivi na hivi, mwombe msimulizi akuoneshe neno jengine lililozaliwa kwa njia hiyo. Kwa kawaida hana.

## Alfajiri, maji na usafi

4. Kwa nini Wazanzibari husema "kukoga" na si "kuoga"?

Yote mawili yanasikika, lakini nyumbani utaambiwa "nenda kakoge". Inavyoonekana, *ku* na *oga* zilipokutana zikashikana zikawa *koga*, na masikio yakaizoea *k* kama sehemu ya shina. Baadaye ikaongezwa *ku* nyengine mbele: kukoga.

Ushahidi wa ukongwe wake unao kila mwaka mwezi wa Julai, Makunduchi, kwenye sherehe ya Mwaka Kogwa. *Kogwa* ni *koga* katika hali ya kutendwa: mwaka unaokogwa, yaani siku ambayo watu hukoga baharini kuusafisha mwaka. Wengi waijuao sherehe hii wanakumbuka wanaume wakipigana kwa mashina ya migomba na kibanda kinachotiwa moto, wachache hutazama jina. Siku yenyewe pia huitwa *nairuzi*, neno la Kiajemi la siku mpya. Ni mwaka wa jua, tofauti na wa Kiislamu unaofuata mwezi, na wakulima na mabaharia waliushika kwa sababu mvua na pepo hufuata jua. Waliuhesabu kwa *miongo*, siku kumi kumi. Katika maneno mawili, basi, unapata Kiajemi cha hesabu ya siku na Kibantu cha kujimwagia maji.

5. Msala ni wa kusalia au ni choo?

Ni vyote viwili, na mgeni akikosea hapa huaibika bure. *Msala* ni mkeka wa kusalia, na mzizi wake ni wa Kiarabu, ule ule wa *sala*. Lakini mtu akikuuliza "msalani wapi?" anataka choo, na ametumia neno la adabu. Tazama kitenzi kilicho jirani: unatandika msala, unakwenda msalani.

Katika mlango huo huo kuna jengine. *Kuchamba* hapa ni kujisafisha kwa maji baada ya haja, neno la kawaida linalofundishwa mtoto mdogo. Bara wengi husema *kutawaza* kwa kazi hiyo, na *kuchamba* wameligeuza kuwa kumsema mtu kwa maneno makali. Kwetu *kutawadha*, kwa *dh*, ni kutia udhu kwa ajili ya sala. Ndiyo maana bibi mmoja wa Pemba alinuna aliposikia kijana kutoka Bara akisema amemtawaza mtoto, akidhani dini imechezewa. Hakuna aliyekosea, kila mmoja alisema cha kwao.

6. Kurauka ni nini?

Ni kuamka alfajiri sana kwa ajili ya kazi au safari. Ukiamka tu saa mbili, hukurauka. *Kudamka* ni jirani yake.

7. Kuteka maji, kuchota maji, kupiga deki: yapi ni ya hapa?

*Kuteka* ni kutoa maji kisimani au mferejini na kuyaleta nyumbani. *Kuchota* ni kuingiza kata au kikombe ndani ya mtungi ukatoa kidogo. Wazee hawayachanganyi, na mimi nasikitika kuona *kuteka* siku hizi limebaki la magaidi na mateka katika vichwa vya habari.

*Kupiga deki* ni kuosha sakafu kwa maji na kitambaa au brashi. *Deki* ni sitaha ya meli kwa Kiingereza, mahali ambapo baharia husugua kila asubuhi. Mji wa bandari haukuona shida kuishusha kazi ya melini ikaja sebuleni.

## Jikoni

8. Chungu kinatelekwa, kinainjikwa au kinabandikwa?

Inategemea umesimama wapi. *Kuteleka* ndilo neno la Unguja kwa kuweka chungu au sufuria juu ya moto. *Kuinjika* utalisikia kwa wasemaji wa pwani, hasa wanaopakana na Kimvita, lahaja ya Mombasa. *Kubandika* ni la Bara. Yote ni ya Kibantu na yote yana haki. Kinyume chake ni *kuipua*, ambalo wengine hulitamka *kuepua*.

Kabla ya kuteleka, moto *hukokwa*. Wali ukikaribia kuiva, *hupaliwa*: makaa hutiwa juu ya kifuniko ili joto lije kutoka juu na chini. Mkate wa kumimina ukipaliwa vibaya uso wake huungua na tumbo hubaki bichi. Neno hilo hilo, likisemwa kwamba mtu *kapaliwa*, lina maana kwamba chakula au maji yamempitia njia ya pumzi na anakohoa, kwa hivyo usikimbilie makaa.

9. Kwa nini kuna vitenzi vingi vya nazi?

Kwa sababu nazi ina safari ndefu, na kila kituo kina watu wake na chombo chake.

Mkwezi *huangua* nazi, yaani huziangusha kutoka mnazini. Kisha *hufuliwa* kwa *kifuo*, mti au chuma kilichochongoka kilichosimikwa ardhini. Unaikita nazi juu ya ncha, unaibinya, kumbi linabanduka. Ni kazi ya kifua na mikono, na mzoefu humaliza nazi moja kabla hujavuta pumzi mbili. Mgeni akisikia "wanafua nazi" hutafuta sabuni, kwani *kufua* kwake ni nguo. Sisi tunafua vyote viwili na hatujawahi kuchanganyikiwa.

Baada ya hapo nazi *huvunjwa*, *hukunwa* kwa *mbuzi*, kigoda chenye ulimi wa chuma, machicha *hukamuliwa*, na tui *huchujwa*, zamani kwa *kifumbu* cha kusukwa, siku hizi kwa chujio la plastiki. Tui la mwanzo, zito, ni *kasimile*, linatiwa mwisho ili lisikatike. Mtu anayenunua tui la pakiti ameokoa saa nzima, simlaumu. Lakini angalia vitenzi vingapi vimebaki nje ya nyumba yake, na mtoto wake atavisikia wapi.

Kumbi nalo halitupwi, liko katika suali la 14.

10. Nikienda sokoni, niseme nini ili nieleweke?

Sema *tungule*, ukimaanisha nyanya. Sema *boflo* kwa mkate wa kuoka wa mjini, na *mkate wa ajemi* kwa ule wa duara bapa. *Ajemi* ni Uajemi, jina tulilolipata kwa Waarabu. *Shelisheli*, tunda la kuchemsha au kukaanga, limebeba jina la visiwa vya Shelisheli. Na *kitoweo* ni kile kinacholiwa pamoja na wali au ugali, samaki au nyama. Ukiomba *mboga* kwa maana hiyo, kama wanavyosema sehemu nyingi za Bara, utaletewa mchicha.

Soko lenyewe wazee wa mjini wanaliita *marikiti*, neno la Kiingereza lililolainishwa. Soko Kuu la Darajani lilijengwa mwaka 1904, na Darajani ni pale palipokuwa na daraja la kuvuka mkono wa bahari uliotenga Mji Mkongwe na *Ng'ambo*. Mkono ule umefukiwa zamani, maji hayapo, daraja halipo, na bado watu wanasema wanakaa Ng'ambo. Samaki *hunadiwa*, nao mnada ni wa Kiarabu: kuita kwa sauti. Simama asubuhi pale Malindi ya mjini Unguja utasikia kwa nini.

11. Futari, kufuturu na daku vinatofautianaje?

*Kufuturu* ni kufungua saumu. *Futari* hapa kwetu ni pia chakula chenyewe: muhogo, ndizi, viazi vikuu au shelisheli kwa tui. *Daku* ni chakula cha usiku wa manane kabla ya kufunga. Mawili ya mwanzo yanatoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu.

## Shamba, pwani na mzigo

12. Maneno ya karafuu ni ya Kiarabu?

Watu hudhani hivyo kwa kuwa mashamba makubwa ya karafuu yalipandwa enzi ya Sultani Sayyid Said, katika karne ya 19, na wenye mashamba wengi walikuwa Waarabu. Zao ni la ugenini kweli, na jina *karafuu* limepitia Kiarabu. Lakini sikiliza kazi yenyewe: *kuchuma*, *kuchambua*, *kuanika*. Yote ya Kibantu, ya watu waliokuwa juu ya mikarafuu na chini yake.

Mchumaji hulivuta tawi kwa *kigoe*, fimbo yenye ndoano, hulikonyoa shada na kulitia kikapuni au kwenye *pakacha*, kapu la kuti la mnazi linalosukwa papo hapo. Jioni mashada huletwa ukumbini na watu hukaa duara kuchambua, kutenga karafuu na *makonyo*, vile vikonyo vyake, ambavyo navyo hukamuliwa mafuta. Kesho yake huanikwa juu ya majamvi. Mvua ikinyesha, kijiji kizima hukimbia, na skuli haina mwanafunzi.

Pemba ndiyo iliyobeba zao hili tangu dhoruba ya mwaka 1872 ilipoing'oa mikarafuu mingi ya Unguja, kwa hivyo msamiati wake mwingi utaupata kwetu. Nikisikia redioni "mchambuzi wa soka", naona duara la wanawake na vijana usiku, taa ya chemni katikati, vidole vikienda bila macho kutazama. Kutenga kilicho na thamani na kisicho nayo: neno limehama, kazi ni ile ile.

13. "Amekwenda dago" ni kwenda wapi?

Ni kwenda kambi ya uvuvi mbali na nyumbani, kwa wiki au miezi. Wavuvi wa Kojani wanajulikana kwa hilo pwani yote, kusini na kaskazini. Mke akisema mumewe yuko dago, usimuulize atarudi lini. Muulize upepo: kaskazi au kusi.

Uvuvi una vitenzi kwa kila chombo. Mshipi *huvuliwa*, dema, mtego wa kusukwa, *hutegwa*, na juya, wavu mkubwa, *hukokotwa*. Wanawake bahari ikipwa hushuka *kuchokoa* pweza kwenye mashimo ya miamba kwa *mchokoo*, fimbo yenye ncha, na *kutanda*: wawili au zaidi hushika kitambaa au chandarua kwa ncha zake wakazoa uduvi na dagaa katika maji ya magotini. Samaki akifika nyumbani *hupaawa* magamba. Asipoliwa siku hiyo hupasuliwa akakaushwa juani, akawa *ng'onda*.

Maneno ya chombo ndiyo yenye ugeni mwingi. *Nahodha* na *bandari* ni ya Kiajemi. *Kukalafati*, kuziba nyufa za mbao kwa pamba na mafuta, ni Kiarabu. Aliyekaa usukani alikuwa na Kiajemi chake, aliyekuwa majini na mshipi alikuwa na Kibantu chake.

14. Na kamba na mwani?

Kumbi la nazi (suali la 9) hufukiwa pwani kwenye mchanga wa maji chumvi kwa miezi, likafukuliwa likiwa limeoza vizuri, likapigwa kwa mchi au gongo mpaka zibaki nyuzi tupu. Nyuzi hizo ni *usumba*, nao *husokotwa* ukawa kamba. Harufu yake humfukuza mtalii, lakini kamba hizo zimesomesha watoto Jambiani na Paje.

Ukulima wa mwani wa biashara ulianza mwaka 1989 upande huo huo wa mashariki ya Unguja, na wanawake wale wale waliubeba. Angalia walivyoupa maneno: *shamba* la mwani, *kupanda*, *kuvuna*, *kuanika*. Yote yameshuka kutoka bara la kisiwa yakaingia baharini. La kigeni ni *taitai*, vijikamba vya kufungia miche kwenye kamba kubwa, kutoka Kiingereza cha kufunga. Hilo ni miongoni mwa maneno machanga kabisa ya pwani yetu, na waliolizoesha ndimi bado wako hai. Waulizeni.

15. "Nichukulie mtoto" ni nimbebe?

Hapa pana tofauti ya kweli. Kwa Mzanzibari *kuchukua* ni pamoja na kubeba: mtu anachukua gunia kichwani kutoka bandarini mpaka dukani. Ndiyo maana anayefanya kazi hiyo ni *mchukuzi*, na ndiyo maana serikali ina *uchukuzi*, si ubebaji. *Kubeba* kwetu hasa ni kumweka mtoto mgongoni. Ubavuni, miguu ikipanda kiuno, ni *kumweleka*. Mapajani ni *kumpakata*. Kichwani mzigo *hutwikwa*. Bara *kubeba* limemeza yote haya, na mchukuzi naye huku kwetu anaitwa pia *hamali*, kwa Kiarabu.

## Skuli, baraza na mapumziko

16. Kwa nini Zanzibar ni "skuli" na Bara ni "shule"?

Hili ndilo jibu fupi na safi kuliko yote: Tanganyika ilitawaliwa na Wajerumani mpaka Vita vya Kwanza vya Dunia, na *shule* ni neno lao, Schule. Zanzibar ilikuwa chini ya ulinzi wa Waingereza tangu 1890, na *skuli* limetoka kwao. Mpaka leo vibao vya skuli za Unguja na Pemba vimeandikwa hivyo. Katika kundi hilo tia *spitali*, *afisi* na *baskeli*, ambazo Bara zina irabu nyengine.

17. Mtoto anakwenda skuli na chuoni siku moja?

Ndiyo. *Chuo* hapa ni mahali pa kusoma Kurani, mbali na chuo kikuu. Zamani *chuo* lilikuwa na maana ya kitabu, na alama yake imebaki katika *mwanachuoni*, mtu wa elimu ya dini. Mtoto *hudurusu* chuoni na *husoma* skuli.

18. Kubarizi ni kukaa bure?

Anayesema hivyo hajakaa. *Kubarizi* ni kutoka nje ya nyumba na kukaa barazani pamoja na wenzako, kwa mazungumzo, kahawa chungu, habari za vifo na za vyombo. Mzizi wake wa Kiarabu una maana ya kutokeza, kujitoa mbele za watu. Asiyeonekana barazani siku tatu huendewa kuangaliwa.

Na pale barazani ndipo Wareno wanapoendelea kuishi. Walifika visiwani mwanzoni mwa karne ya 16, wakatolewa mwishoni mwa karne ya 17, na katika majumba yao limebaki gofu hapa na pale. Lakini watazame wazee wakicheza *karata*: *kopa*, *uru*, *shupaza*, *pau*, na *turufu* juu yao. Yote Kireno. Kila jioni mzee asiyeweza kumtaja mfalme mmoja wa Ureno anapiga meza, nayo *meza* ni Kireno, akisema "turufu shupaza!"

Bao, kwa upande wake, limejaa Kibantu: *kete*, *nyumba*, *kutakata*.

19. Nimeambiwa "kaa kitako". Nimetukanwa?

Hata kidogo, umekaribishwa. *Kukaa* peke yake ni kuishi mahali au kubakia, kwa hivyo "kaa" tupu halitoshi. Ukiulizwa "unakaa wapi?" unajibu Kikwajuni. Ukiambiwa "kaa kitako, mwanangu", unavuta mkeka.

## Masuali ya pembeni

20. "Kaja", "kenda", "keshakula": ni makosa ya sarufi?

Ni sarufi, tena yenye utaratibu. *Ka* husimama mahali pa *ame* au *ali* kwa mtu mmoja anayesemwa: kaja ni amekuja, kenda ni amekwenda. Mtu wa visiwani hasemi "kaja" akimaanisha wengi, wala hasemi hivyo kwa kitu kisicho na uhai. Penye sheria inayoshikwa na maelfu ya watu bila kufundishwa, kuna lugha.

21. Niandike maneno haya kwenye mtihani au barua ya kazi?

Ya kundi la suali la 16 ndiyo, Zanzibar ni ya kawaida katika maandishi rasmi. *Kukoga*, *kuteleka* na *kitako* yaweke katika insha ya kubuni, mazungumzo na hadithi. *Kavyaa* mtahini anaweza kulikata, na hilo mwanafunzi alijue mapema ili achague mwenyewe. Ninachowaomba walimu ni kusema "hili ni la nyumbani, na la mtihani ni hili", bila fimbo na bila kicheko.

22. Mimi ni mgeni. Niige lafudhi ya Kipemba ili nikubalike?

Jifunze maneno, acha kuiga lafudhi. Neno ukilitumia mahali pake tunafurahi. Lafudhi ikiigwa, Mpemba husikia zile dhihaka za vichekesho ambazo amezivumilia tangu alipopanda meli mara ya kwanza kwenda Unguja au Dar es Salaam. Nimewajua vijana waliojifunza kunyamaza darasani kwa sababu hiyo.

23. Kwa nini baadhi ya maneno ya Pemba yanafanana na ya Mombasa?

Jahazi. Kaskazini ya Pemba iko karibu na pwani ya Kenya, na watu wameoana, wamevua na kuhamiana kwa karne nyingi. Wamazrui, ukoo uliotawala Mombasa, pia waliitawala Pemba mpaka miaka ya 1820. *Kunena* kwa maana ya kusema, na *konde* kwa maana ya shamba, yana ndugu pande zote mbili.

24. Bibi yangu ana neno ambalo silioni kwenye kamusi. Nifanye nini?

Kwanza tazama kamusi za lahaja: Baraza la Kiswahili la Zanzibar, BAKIZA, limechapisha za Kipemba, Kimakunduchi na Kitumbatu, na watu wengi hutafuta katika kamusi sanifu peke yake wakakata tamaa.

Likikosekana huko, usiandike neno tupu na maana yake. Andika sentensi nzima aliyoisema, kama alivyoitamka, bila kuisahihisha. Andika alikuwa akifanya nini, mikono yake ilishika nini, na kijiji alichokulia. Mwombe alitumie kwa wakati uliopita na kwa watu wengi, hapo utaona linavyogeuka. Mrekodi kwa simu, kwa ridhaa yake, maana sauti kama zile za Kikae haziandikiki zote kwa herufi zetu. Kisha muulize mtu wa pili wa rika lake, wa kijiji hicho hicho, bila kumwambia jibu la kwanza.

Na mwende naye kazini. Bibi yangu mimi nilimuuliza kitako maneno ya kusuka ukili, ule mkanda unaoshonwa ukawa mkeka, akanipa matatu. Nilipomletea miyaa mikononi, akaanza kuichana, yalimtoka kumi na moja kabla ya adhuhuri.